Moto wa njano kwenye jiko la gesi lenye oveni

Dada wa Nyegezi, Mwanza, umeuliza kwa nini jiko lako la plati nne linawaka moto wa njano na kujaza sufuria masizi. Mara nyingi si gesi mbaya, ni hewa haichanganyiki nayo vizuri. Kwa mnaokaanga sato kila siku, mafuta yakimwagika huganda kwenye vitundu vya kichwa cha jiko. Funga mtungi, jiko lipoe, vua kichwa, kiloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, kisha sugua kitundu kimoja kimoja kwa mswaki mkuukuu. Njiti ya kiberiti usitumie, ikikatikia ndani umejiongezea kazi. Kausha kabisa, la sivyo moto utarukaruka. Chungulia na kibomba cha chini kinachopeleka gesi na hewa kwenye kichwa: wale wadudu wa ziwani wanaovamia taa usiku wanaweza kufia humo.

Ila hiyo harufu ya gesi uliyoigusia juujuu kwenye swali lako ndiyo inayonitisha mimi kuliko masizi. Paka povu la sabuni kwenye regulata na mpira wote hadi nyuma ya jiko. Mapovu yakifura, panavuja. Ikiwa harufu ni kali, funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi ya taa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo kidirisha cha juu peke yake hakitoshi. Mpira uliopasuka haufungwi selotepu, unanunuliwa mwingine.

Na oveni iwashe mlango wake ukiwa wazi, siku zote.