Rubani mpya anayeishi mbali na kituo chake

Kuishi mji mmoja na kuanzia kazi mji mwingine inawezekana, ila mwaka wa kwanza ni mgumu. Usitegemee ndege moja: panda ile ambayo nyuma yake ipo nyingine ya kukufikisha kabla ya saa ya kuripoti. Unasafiri kwa nafasi iliyobaki, na abiria wakijaa, wenzako waliokutangulia kazini mara nyingi hupewa kipaumbele.

Kinachoumiza hasa ni zamu ya akiba, yaani ile ya kusubiri kuitwa kazini wakati wowote. Ukipewa saa mbili tu za kufika uwanjani, lazima uwe umelala huko huko, kwa hiyo changia kodi ya chumba na marubani wenzako. Zamu ikianza alfajiri, fika jioni iliyotangulia. Kuamka saa nane usiku kuwahi ndege kunakula usingizi unaouhitaji ili urushe ndege.