Mkaa, Gesi na Milingoti: Maswali Yenu Kuhusu Joto la Dunia

Tangu niandike kuhusu mvua zinazochelewa, ujumbe wenu haujakatika, na karibu wote unauliza jambo moja: mimi hapa nyumbani kwangu nifanye nini, na je, kitasaidia chochote? Nimechagua machache ya kujibu. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaacha.

Napikia mkaa, nina watoto wanne na mama mkwe. Kila siku redioni tunahimizwa kutunza mazingira. Wenye viwanda na ndege wako Ulaya na Marekani. Kosa langu mimi ni lipi hasa? (Mama wa Mwanjelwa, Mbeya)

Mama, dunia hukuipasha joto wewe, na anayekutwisha mzigo huo anakuonea. Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa tani zipatazo 14 za hewa ukaa, ile inayoipasha dunia joto, kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Kabla ya viwanda kuanza, hewa hiyo ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa tunayovuta. Leo imepita 420. Wanaodaiwa deni hilo wanajulikana, na tuendelee kuwadai.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haijagusa misitu, na hapo ndipo sisi tunapoingia. Takwimu za serikali zinataja zaidi ya hekta 400,000 za misitu zinazopotea nchini kila mwaka. Sehemu kubwa inageuzwa mashamba, lakini mkaa nao una fungu lake. Gunia lako pengine limetoka upande wa Chunya. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, akawasha na kuyaacha yaungue taratibu kwa siku kadhaa. Katika tanuru la namna hiyo zinahitajika kilo 6 hadi 10 za kuni ili kupata kilo 1 ya mkaa. Kwa hiyo gunia la kilo 50 limekula kuni kilo 300 hadi 500, na sehemu kubwa imepotea kwa moshi wenye methani ndani yake, gesi nyingine inayopasha dunia joto, kabla hujawasha kibiriti chako. Kisiki cha miombo kikiachwa huchipua, ingawa huchukua miaka mingi. Kikilimwa juu yake, basi.

Sikuambii uache mkaa kesho asubuhi, maana najua mtungi wa gesi unauzwaje. Anza na jiko banifu lenye udongo wa kufinyanga ndani. Likiwa limetengenezwa vizuri huokoa theluthi moja ya mkaa, au zaidi. La pili halina gharama kabisa. Ukishaipua sufuria, usiache makaa yafe yenyewe jikoni huku watu wanakula. Yachote kwa koleo, yatie kwenye debe la bati, funika kabisa. Yatazimika kwa kukosa hewa na kesho utayawasha tena. Kaya nyingi za hapa mjini zingeona kisado kinachelewa kuisha kwa hilo tu.

Nimehamia mtungi wa kilo 6. Mwanangu aliye chuo anasema gesi nayo inachafua hewa, ila angalau ni gesi yetu ya Mtwara. Ni kweli? (Baba, Uyole)

La kwanza ni kweli, la pili hapana. Gesi ya mtungi hutokana na visima na mitambo ya mafuta ya nje, na inatufikia kwa meli. Ya Mtwara ni aina nyingine; husafirishwa kwa bomba na kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Kila kilo ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa, kwa hiyo mtungi wako mzima ni kama kilo 18.

Pamoja na hayo, usirudi kwenye mkaa. Ukijumlisha msitu uliokatwa, tanuru lililofuka, lori lililosafirisha na jiko lenyewe, mkaa huwa mzito zaidi. Masizi yake pia huongeza joto angani, achilia mbali kifua cha mama watoto. Mpangilio wangu ni huu: umeme kwanza, gesi ya pili, mkaa mwisho.

Umesema umeme. Nani mwenye Luku ya kuchemshia maharage? (Dada wa Kihesa, Iringa)

Dada, swali lako nimelipenda, maana maharage ndiyo yanayomaliza mkaa kwenye nyumba za nyanda za juu, na sababu yake wengi hatufundishwi.

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pwani. Huku juu hewa ni nyepesi, hivyo yanachemka kabla ya kufika huko. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe ni pungufu zaidi, Iringa yako inazidi kidogo. Ukishaona yanatokota, hata ukiongeza mkaa hayapandi joto, yanakauka tu. Ndiyo maana shangazi akitoka Dar es Salaam analalamika kwamba maharage ya huku hayaivi. Maharage hayana tatizo, ni maji ambayo hayafiki pale alipozoea.

Jiko la presha la umeme linafunga mvuke ndani, na joto linapita nyuzi 110. Likishafika hapo, umeme unajikata na kurudi kwa vipindi, kwa sababu chungu kimefungwa na kuta zake hazipitishi joto kirahisi. Kilo moja ya maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa nusu uniti au pungufu. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, ambayo ni karibu shilingi 350 kwa uniti, hiyo haifiki shilingi 200. Wenye matumizi madogo walio kwenye bei ya nafuu wanalipa chini ya hapo. Weka pembeni fedha ya mkaa unaoishia kwenye sufuria moja ya makande, ulinganishe mwenyewe.

Gharama inayouma ni ya kununua jiko lenyewe. Hapo nashauri vikundi. Wanawake wa vikoba wanaonunuliana vyombo kwa zamu wanaweza kabisa kuweka jiko hili kwenye orodha. Usinunue jiko la koili la bei rahisi ukidhani ni kitu kimoja. Lile la wazi kwa maharage litakumalizia uniti.

Na umeme wenyewe sehemu yake kubwa sasa ni ya maji. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na maji yake yanatoka mbali: Ruaha Mkuu, unaokusanya mito ya Usangu na milima yetu hii, hupita Mtera na Kidatu kabla ya kuungana na mito mingine ya Rufiji. Nawaomba mlikumbuke hili tukifika kwenye milingoti, yaani mikaratusi.

Juni na Julai baridi inatutesa. Je, jiko la mkaa chumbani usiku linaongeza joto la dunia? (Mwanafunzi, Makete)

Mwanangu, acha dunia kwanza. Jiko la mkaa halilali chumbani. Makaa yanayowaka bila moshi hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Unasinzia na huamki. Kila msimu wa baridi familia zinazikwa kwa sababu hiyo. Otea moto nje au kwenye jiko lenye hewa, kisha uingie kulala na blanketi zito, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Friji la mtumba nilinunue? (Mwenye genge, Soweto, Mbeya)

Angalia kibandiko cha nyuma karibu na mota, kinachotaja gesi ya kupozea iliyomo. Kikisema R600a, chukua kama bei inaridhisha. Kikisema R134a, ujue kilo moja ya gesi hiyo ikivuja hupasha dunia joto kama zaidi ya kilo 1,000 za hewa ukaa. Fundi asiifungulie hewani wakati wa kutengeneza. Akikuambia "tunaitoa tu", tafuta mwingine.

Nina ekari tano za milingoti bondeni, karibu na vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni. Watu wa mradi walisema miti inafyonza hewa ukaa. Basi mimi si nimeshamaliza wajibu wangu? (Mkulima, Njombe)

Mzee wangu, pole kwa jibu utakalolipata. Mti ukiwa hai unahifadhi hewa ukaa, hilo ni kweli. Ukiuzwa mbao za kupaulia, unaendelea kuihifadhi humo kwa miaka mingi. Ukiuzwa kuni, imerudi hewani siku hiyo hiyo, ingawa machipukizi yataifyonza tena kadiri yanavyokua. Kwa hiyo miti yako ina faida, na biashara hiyo imesomesha watoto wengi wa Njombe na Mufindi. Siipingi.

Shida ni bondeni. Mlingoti unakua haraka kwa sababu unakunywa sana. Ukipandwa juu kwenye mgongo wa mlima utakunywa mvua inayonyesha pale. Bondeni mizizi inaingia moja kwa moja kwenye maji yanayolisha kijito. Vinyungu vyenu vinategemea unyevu huo kulima mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Halafu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka sehemu za hifadhini kila kiangazi. Lawama kubwa inakwenda kwa maji yanayochepushwa mashambani kule Usangu, lakini mito inayoingia Usangu inaanzia kwenye mabonde kama la kwako.

Ushauri wangu: vuna iliyokomaa bondeni, na machipukizi yake uyaondoe. Panda miti ya asili kama mivengi na mikuyu kando ya maji, hata kama haitakupa mbao. Milingoti na misindano (paina) hamishia juu, uache njia ya kuzuia moto pande zote, pana ya kutosha, uilime kila mwaka kabla ya Agosti. Shamba likiungua lina miaka sita, kila kilichofyonzwa kimeondoka mchana mmoja, pamoja na ada ya mtoto.

Kuchoma mabua kabla ya mvua ni desturi yetu tangu babu. Majivu ni mbolea. Tuache? (Mkulima, Ismani)

Acheni, tena kwa faida yenu wenyewe. Majivu yanabakiza chumvichumvi kidogo, lakini naitrojeni inapaa na moshi na udongo unabaki uchi. Mvua ya kwanza ya Ismani ikija, na mnajua inavyokuja kwa hasira, inausomba. Mabua yaliyolazwa chini yanashikilia unyevu, na sehemu yake inaoza kuwa mboji. Najua mna hoja ya ng'ombe. Sawa, wale sehemu, nyingine ibaki. Hoja ya wadudu na magugu ni ya kweli pia, ila kubadilisha mazao, mahindi mwaka huu na kunde au alizeti mwaka ujao, kunapunguza wadudu bila kiberiti. Moto wa shamba moja mwezi Septemba ndio unaopanda mlima na kula msitu ambao hakuna aliyekusudia kuugusa. Huo ndio moto ninaouogopa kuliko majiko yote ya mkaa ya Mbeya.

Taka za nyumbani tunachoma uani. Kuna njia nyingine? (Mpangaji, Mafiati)

Maganda ya viazi na ndizi usiyachome na usiyachanganye na plastiki. Yakizikwa dampo bila hewa hutoa methani, ambayo kwa miaka 20 ya mwanzo hupasha joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa. Huku kwetu wafuga nguruwe hawakosi. Mtafute mmoja mtaani, atakuja kuchukua mwenyewe. Asipokuwepo, shimo dogo linalogeuzwageuzwa kwa jembe litakupa mboji ya mchicha. Plastiki kusanya kwa wanaonunua chupa. Usiichome kamwe, moshi wake ni sumu.

Mimi ni kidato cha pili, Mafinga. Mwalimu alisema tuchomoe chaja za simu kuokoa dunia. Mama naye ananigombeza kwa kuogea maji ya moto ya hita. Nani yuko sahihi?

Mama. Ndoo ya lita 20 ikipashwa kutoka ubaridi wa Mafinga hadi joto la kuogea inakula karibu uniti 0.6. Umeme huo ungechaji simu zaidi ya mara 30. Chaja ichomoe kwa usalama, lakini hapo hujaokoa kitu cha kuhesabika. Oga kwa nusu ndoo, na kama nyumbani bado kuna balbu ya zamani ya wati 60, mwombe mama aibadilishe kwa ya LED ya wati 9.

Halafu kazi nyingine, kubwa kuliko hiyo. Nenda nyuma ya jiko la shule yenu, tazama rundo la kuni, mwulize mpishi linakwisha kwa siku ngapi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo mwisho wake, na taasisi kubwa ndizo zilizoagizwa kutangulia. Mafinga mna maranda ya viwanda vya mbao yanayorundikana na kuungua ovyo pembeni ya barabara. Yanaweza kushindiliwa kuwa mkaa mbadala wa jiko la shule. Andikeni barua kwa bodi ya shule, wewe na wenzako, muombe wapige hesabu ya kuni za mwaka mzima wailinganishe na hiyo. Wakijibu, niandikieni tena.