Kujitolea kulinda kasa Tortuguero

Umeuliza kama Costa Rica watakupokea kulinda kasa bila digrii ya baiolojia. Ndiyo, ndugu yangu. Lenga Tortuguero, ufukwe ulio upande wa Karibi wa nchi hiyo, kati ya Julai na Oktoba, ndipo kasa wa kijani wanapopanda ufukweni kutaga. Kazi ni ya usiku: kutembea mchangani kwa saa nyingi, kupima gamba, kuhesabu mayai yakidondoka, mara nyingi zaidi ya 100 kwa kiota. Vaa nguo nyeusi, na taa iwe nyekundu tu, maana mwanga mweupe humrudisha kasa baharini kabla hajataga. Ila kabla ya kulipia mradi wowote wa kujitolea, waulize wanaouendesha: watoto wa kasa huwekwa kwenye ndoo ili wageni wapige nao picha? Wakikubali, achana nao kabisa. Na beba koti la mvua, huko hunyesha kweli.