Mkorogo wa Brashi

Juzi msomaji mmoja wa Mbagala kanitumia ujumbe: "Dada, kila nikimchora mama yangu anatoka kama kapakwa masizi. Nifanyeje?" Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nawaza ile picha iliyo nyuma ya kabati langu hapa Sinza. Ngoja niisimulie, maana najua na nyie mnataka siku moja kazi zenu zitundikwe pazuri.

Mwaka 2019 mama mmoja aliniagiza nimchore binti yake, picha ya kusimamishwa mlangoni mwa ukumbi siku ya sendofu. Laki nne, advansi laki moja na nusu. Binti alikuwa mweusi wa kung'aa, ule weusi ambao jua la saa kumi likiupiga begani unaiona buluu kwa mbali. Nikamchora hivyohivyo. Mama akaja, akaitazama, akasema, "Mwanangu, umemchora vizuri, ila mpunguze kidogo."

Nimpunguze nini? Binti mwenyewe mwembamba! Akanionyesha shavu.

Nikapunguza. Akarudi, nikapunguza tena, mpaka mtoto wa watu akawa maji ya kunde. Tunawacheka wanaojipaka mkorogo, kumbe mimi nilikuwa naukoroga kwenye sahani ya rangi. Siku ya kuichukua akaja binti mwenyewe. Akasimama mbele ya turubai kama mtu aliyekosea chumba. "Dada, huyu nani?"

Picha haikwenda ukumbini. Salio sijalipwa mpaka leo, simu haipokelewi. Pesa inaniuma, sitawaficha, lakini lile swali linaniuma zaidi.

Miaka miwili iliyofuata nairuka. Nilichora mabango ya saluni, na mnawajua wanawake wa mabango ya saluni walivyo weupe.

Walionirudisha ni wanawake wa kwenye picha za mchoraji Sungi Mlengeya. Huyu ni mzaliwa wa hapahapa Dar, 1991, alikuwa mfanyakazi wa benki, na uchoraji kajifundisha mwenyewe. Anachora kwa rangi za akriliki. Wanawake wake ni weusi kwelikweli, nguo zao nyeupe na nyuma yao nyeupe, hata hujui nguo inaishia wapi. Macho yako hayana pa kwenda ila kwenye ngozi: bega, shingo, mkono. Hawana mtungi kichwani wala mtoto mgongoni. Wengine wamekaa tu. Sisi tuliozoea kuwauzia watalii wanawake wembamba kama njiti, wasio na nyuso, hilo la kukaa tu lilinipiga kofi.

Sasa ushauri. Achaneni na nyeusi ya kopo, ndiyo hayo masizi. Changanya buluu ya altramarini na kahawia iliyokolea upate giza lenye uhai, kisha wekundu kidogo kwenye masikio na vifundo vya vidole. Mwanga usiutafute kwenye nyeupe, utafute kwenye buluu. Narudia, nyeusi ya kopo achaneni nayo. Na msiniletee Kerry James Marshall wa Marekani, ambaye tangu 1980 anachora watu weusi tii. Yeye ana nyeusi za aina tatu, na kila moja anaichanganya na rangi nyingine mpaka zinatofautiana. Ukifika huko, nunua makopo yote.

Na mteja akisema "punguza", mrudishie advansi yake. Njaa ya mwezi mmoja inapita. Mchoraji anayeona haya kuchora ngozi ya mama yake akatafute kazi nyingine, mabango ya saluni bado yapo.

Wewe wa Mbagala, mkalishe mama mlangoni saa tatu asubuhi, jua halijawa kali. Mtazame paji la uso mpaka uone rangi ambayo hukuitarajia. Anzia hapo, halafu nitumie picha.

Mimi jana nimelitoa lile turubai nyuma ya kabati, nimeanza kulirudisha bega la kushoto. Uso sijaugusa. Simkumbuki vizuri.