Wizi wa vyuma uzuiwe kwenye mzani wa kwanza

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, kuwabana wanunuzi wa vyuma chakavu kutapunguza wizi wa nyaya, mataruma ya reli na dira za maji, au ni kuwaonea wachuuzi wadogo tu? Jibu langu ni kwamba kutapunguza, tena sana, mradi tuanzie kwenye mzani wa kwanza, pale mali inapopimwa na kugeuka fedha kwa mara ya kwanza. Ukisubiri lori la kwenda Dar es Salaam au mlango wa kiwanda cha kuyeyushia, umeshachelewa. Huko taruma limekatwa vipande, dira imepondwa kwa nyundo na waya umechomwa ganda.

Shaba hailiwi. Anayekata waya usiku Makorora au Pongwe, hapa Tanga, hana tanuri nyumbani wala hana meli bandarini. Anachohitaji ni mtu wa kumlipa asubuhi ile ile. Mali yake hupita mikono mitatu hivi. Muokotaji mwenye gunia au guta humfikia mnunuzi wa mtaani mwenye mzani wa kuning'iniza. Mnunuzi huyo hulimbikiza mpaka apate mzigo wa kupeleka yadi. Yadi hutenganisha chuma kizito, chuma chepesi, kasti (chuma cha kalibu), alumini, brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) na kopa (shaba tupu), kisha hupakia lori. Ukimuuliza mnunuzi wa mtaani "nani kaleta hii?", mletaji bado hajafika mbali. Yadini, kilo 20 za kopa zinaweza kuwa zimetoka kwa watu 15, zimechanganywa, hazina mwenyewe.

Sheria zipo. Biashara hii ina leseni yake, na kukusanya, kusafirisha na kuuza nje vyuma chakavu kunahitaji vibali vya mazingira ambavyo NEMC, baraza la taifa la mazingira, inahusika navyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Kesi hukwama kwenye neno hilo "akijua". Mnunuzi anasema hakujua, na mwendesha mashtaka hana hata karatasi moja ya kumpinga. Ndiyo maana nashikilia daftari kuliko ninavyoshikilia ukubwa wa faini.

Lakini daftari likijazwa hovyo ni bure kabisa. Ukikuta mstari umeandikwa "Juma, mali mchanganyiko, kilo 200", hapo hakuna kilichoandikwa. Mstari mmoja unatakiwa uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, iliyonakiliwa kutoka kwenye kitambulisho chenyewe na si kwa kutajiwa kwa mdomo, namba ya simu, namba ya bajaji, pikipiki au guta lililoleta mzigo, uzito wa kila aina peke yake, mahali mali ilikotoka, saa, na picha ya mzigo ukiwa juu ya mzani, kabla ya kukatwa. Mzani wenyewe uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo, maana mzani unaopunja huharibu hesabu zote zinazofuata.

Hesabu hizo ndizo zitakazomuumbua mnunuzi wa siri. Kila mwezi, kilo zilizokuwepo mwanzoni, ukijumlisha zilizonunuliwa na kutoa zilizouzwa, zilingane na zilizobaki sakafuni. Yadi iliyouza kopa nyingi kuliko iliyokuwa nayo na iliyonunua ina mlango wa nyuma. Hapa wakaguzi wengi hudanganywa na ganda la plastiki. Waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 una takriban gramu 22 za shaba kwa mita, na ukiupima na ganda lake unafika gramu 32 hivi. Yaani shaba ni kama theluthi mbili tu ya uzito. Kwa hiyo daftari litenganishe "na ganda" na "bila ganda", la sivyo mwenye yadi ataficha kilo anazotaka ndani ya tofauti hiyo. Na nyaya zilizochomwa zisinunuliwe kabisa. Moto huondoa maandishi yaliyo kwenye ganda, ambayo yanaweza kusaidia kumtambua mwenye mali, na moshi wa plastiki ile ni sumu kwa watoto wa mtaa mzima.

Malipo yapitie simu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, hivyo muamala mmoja unaacha jina, saa na kiasi bila mtu kuandika chochote. England na Wales, kwa sheria ya mwaka 2013, walikataza kulipia vyuma chakavu kwa fedha taslimu, wakataka jina na anwani ya muuzaji vihakikiwe na kumbukumbu zitunzwe miaka 3. Kwetu ningelegeza kidogo: kopa, brasi na alumini zilipwe kwa simu hata kama ni nusu kilo, lakini mabati na makopo yasiyofika kilo 20 yaruhusiwe fedha mkononi. Bibi anayeokota makopo Ngamiani hajakata waya wa mtu, na makato ya kutolea yatamla faida yake yote. Mtoto asinunuliwe chochote, hata msumari.

Kuna mali ambazo mtu binafsi kwa kawaida hana namna ya kuzimiliki kihalali, na hizo ziorodheshwe ukutani kwenye kila yadi, kwa picha. Reli, mataruma, bamba na bolti zake. Dira za maji. Mifuniko ya chemba. Vibao na kingo za barabarani. Koili za transfoma. Waya wa umeme wa njia kubwa mtu yeyote anaweza kuutambua akifundishwa dakika tano: aina mojawapo inayotumika sana ina nyuzi 6 za alumini zilizozungushwa kwenye uzi 1 wa chuma katikati. Kata ncha, weka sumaku; uzi wa kati ukinasa, huo si waya wa nyumba ya mtu. Waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme ardhini, nao ni nyuzi nene za shaba zilizosokotwa, aghalabu bila ganda, na uliokaa nje miaka huwa na kutu ya kijani. Dira ya maji aghalabu huwa na namba yake juu ya kifuniko; iliyoletwa bila kifuniko inajieleza yenyewe.

Mlinganisho wa hasara unauma. Waya wa ethi wa milimita za mraba 35 una gramu zipatazo 310 za shaba kwa mita, kwa hiyo mita 10 ni kilo 3 tu za kuuza. Kwa kilo 3 hizo, umeme wa mtaa unayumba na majokofu yanaungua. Mafuta ya transfoma yakichotwa, koili zinakosa kupozwa na kuhamiwa, na transfoma nzima inakwisha. Upande wa reli ni hatari zaidi. Mataruma ndiyo yanayoshika upana wa mita 1 kati ya reli mbili. Yakitolewa au yakilegezwa kadhaa mfululizo, reli zinaachana treni inapopita juu. Njia yetu ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ina mataruma ya chuma, na ndiyo yanayotamaniwa.

Mali hizo zikiletwa na taasisi, au na aliyezinunua kwake, ziwe na hati ya mnada au barua ya kuondoshwa. Mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe yana korona (mashine za kuchakata mkonge) kuukuu na vyuma halali tele, na hakuna sababu ya kuwasumbua. Tatizo ni hati moja kutumika mwaka mzima. Mtu ananunua tani 2 mnadani, kisha karatasi ile ile inasindikiza tani 10. Dawa yake ni ndogo: kila mauzo yaandikwe nyuma ya hati, kilo zipunguzwe, na tani 2 zikifika mwisho hati ichukuliwe na yadi.

Kuna wanaotaka biashara yote ifungwe. Kenya ilijaribu Januari 2022, baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, na ikaiondoa marufuku hiyo Mei mwaka huo huo. Siungi mkono. Ukifunga mizani iliyo wazi, unabaki na iliyofichwa, na chuma cha halali kinaoza majalalani.

Jambo ningeliongeza ni muda wa kushikilia. Kopa, brasi na alumini za nyaya zikae siku 7 pembeni, bila kukatwa wala kuchanganywa. Siku 7 zinatosha mhandisi wa maji au wa umeme kugundua upungufu na kupita yadini. Alumini hasa isiachiwe mapema, kwa kuwa inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 tu. Jiko la mkaa lenye feni linaitosha, na waya wa leo kesho ni sufuria sokoni. Chuma chepesi hakihitaji kusubiri, kitajaza uwanja bure.

Ukaguzi ufanywe na afisa biashara, polisi na fundi wa taasisi yenye mali, wote kwa pamoja na bila taarifa. Polisi peke yake hawezi kutofautisha ethi na waya wa nyumba. Fundi anaitambua mali yake hata ikiwa kipande cha shubiri moja. Yadi ifunguliwe saa 1 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na lori lisipakiwe usiku. Atakayekutwa na mzani unaning'inia saa 4 usiku achukuliwe mzani kwanza, faini ifuate.

Msomaji, Ngamiani, Tanga