Kwa anayehamia Adelaide na watoto wapenda soka: viwanja vipo, jiandae na ada

Mkuu, umeuliza kama ni kweli soka Australia ni mchezo wa pembeni, maana mdogo wako anahamia Adelaide na mkewe na watoto wawili, wa kiume miaka 9 na binti wa 13, wote wagonjwa wa mpira. Waliotangulia wamekujibu "kule ni rugby tu". Mimi naishi Adelaide, nimelelea watoto hapa, na Jumamosi zangu za majira ya baridi zinaishia pembeni ya viwanja. Ngoja nikwambie ninavyoyaona.

Kwanza, rugby ni ya Sydney na Brisbane. Adelaide, Melbourne na Perth mfalme ni mpira wao wenyewe wa Kiaustralia, ule wa umbo la yai, watu 18 kila upande kwenye uwanja wa duaradufu. Huo ndio unaojaza Adelaide Oval, ndio unaotawala magazeti, na mwanenu atakutana nao shuleni wiki ya kwanza. Kwa hiyo ukipima kwa TV na majukwaa, soka iko nyuma kweli. Ukipima kwa miguu inayocheza, mambo yanageuka: soka ndiyo mchezo wa timu wenye wachezaji wengi kuliko yote Australia, zaidi ya milioni moja, na watoto ni sehemu kubwa. Pita mtaa wowote Jumamosi asubuhi mwezi wa sita, utakuta bustani ya manispaa imegawanywa viwanja vidogo vidogo, wazazi wameshika vikombe vya kahawa, mtu anachoma soseji za kuchangia klabu.

Wazazi Waaustralia ninaosimama nao pale, wengi wao walicheza ule mpira wa yai utotoni, wananiambia wanaogopa mtoto kugongwa kichwa, ndiyo maana wamewaleta soka. Halafu kuna sisi wa kuja. Soka ya nchi hii ilijengwa na wahamiaji tangu zamani: Adelaide City ilianzishwa na Waitaliano mwaka 1946 ikiitwa Juventus, Melbourne kuna South Melbourne ya Wagiriki na Melbourne Knights ya Wakroatia. Ligi ya sasa, A-League, ni ya mwaka 2005 tu. Mwaka huohuo Australia iliitoa Uruguay kwa matuta ikaenda Kombe la Dunia baada ya kukosa miaka 32, na waliokuwa watoto usiku ule leo ndio wazazi wanaosajili watoto wao.

Huyo wa miaka 9 hana tatizo kabisa. Watoto wanacheza mfumo wa MiniRoos: wadogo kabisa wanne kwa wanne bila kipa, wa umri wake saba kwa saba, baadaye tisa, na kuanzia miaka 12 ndiyo kumi na mmoja kamili. Hakuna msimamo wa ligi na matokeo hayatangazwi. Mzazi aliyekulia chandimu, ambako ukifungwa unatoka nje, huona huu ni utani. Lakini kila mtoto anagusa mpira mara nyingi, na hakuna anayekaa benchi mechi nzima. (Matokeo watoto wenyewe wanayajua, waulize tu.)

Binti ndiye anafika wakati mzuri zaidi. Kombe la Dunia la wanawake la 2023 lilichezwa hapa na New Zealand. Matildas, yaani timu ya taifa ya wanawake ya Australia, waliitoa Ufaransa kwa matuta 7-6 pale Brisbane, wakafungwa na Uingereza 3-1 nusu fainali mbele ya watu zaidi ya 75,000 Sydney. Wanaume wazima wa mpira wa yai waliacha mambo yao wakakodoa macho kwenye TV. Msimu uliofuata wasichana walimiminika kwenye klabu, hata zikakosa makocha na vyumba vya kubadilishia nguo, kwa sababu viwanja vingi vilijengwa kwa kuwafikiria wanaume peke yao. Mwambie mdogo wako aulize hilo la vyumba kabla hajalipa.

Sasa kulipa. Hapa ndipo sisi tunakwama. Huku mtoto halipiwi na klabu, mtoto ndiye anailipa klabu. Klabu ya kawaida ya mtaani ni dola za Australia mia kadhaa kwa msimu. Timu za vijana za daraja la juu zinavuka elfu moja, na Sydney na Melbourne nyingi zinapita elfu mbili. Uwanja unakodiwa, taa zinalipiwa, waamuzi wanalipwa, bima, makato ya shirikisho, kocha mwenye leseni. Mpira wa yai una mkataba wa TV wa dola bilioni 4.5 kwa miaka saba, hivyo unaweza kuwabembeleza watoto kwa bei nafuu. Soka haina fedha hiyo, mzigo unamwangukia mzazi. Kijana wangu mkubwa aliacha timu ya daraja la juu akiwa na miaka 15: mazoezi jioni tatu kwa wiki upande wa pili wa mji, mama yake zamu ya usiku, mimi zamu ya mchana. Sasa anacheza mabonanza ya jamii za Waafrika wakati wa kiangazi, na kwa kipaji sioni aliyemzidi kati ya wenzake waliobaki.

Mtamsikia kila mtu akimtaja Nestory Irankunda, aliyezaliwa Kigoma kwa wazazi Warundi wakimbizi, akakulia huku, akatoka Adelaide United kwenda Bayern Munich mwaka 2024. Au Awer Mabil, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, aliyefunga tuta lake dhidi ya Peru mwaka 2022 Australia ikaenda Kombe la Dunia Qatar. Tunawapenda, ni wetu. Ila kuna akademi binafsi zinauza majina yao kwa wazazi wageni, unalipa pesa juu ya pesa na mtoto hata ligi hachezi. Mwaka wa kwanza awapeleke klabu ya karibu na nyumbani, inayofikika kwa basi. Kipaji kikiwepo makocha wataona, mechi zinachezwa hadharani.

Msimu wa watoto unaanza mwezi wa nne hivi, usajili unafunguliwa mapema mwaka huohuo kwenye tovuti ya Play Football, na majaribio ya timu za juu hufanyika mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Aulize klabu kuhusu vocha ya michezo ya serikali ya jimbo, inapunguza ada. Abebe vyeti vya kuzaliwa. Na kama binti aliwahi kusajiliwa rasmi na klabu huko Bongo, klabu ya huku itahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, kwa sababu ameshavuka miaka 10. Hiyo huchukua muda, waanze kuifuatilia kabla hawajapanda ndege.