Mume Amepata Wito, Mimi Nimebaki na Makatoni

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu ni wamisionari. Tumetumika mahali hapa miaka tisa na watoto wetu wawili wamekulia hapa. Hivi karibuni mume wangu alisimama kanisani akatangaza kwamba Bwana anatuhamishia nchi nyingine, kwenye chuo cha Biblia, akafundishe wachungaji vijana. Nyumbani tulikuwa tumeligusia tu jambo hilo. Sikujua kwamba ameshaamua. Shirika limepanga tarehe, zimebaki wiki kumi na moja. Watu wananipongeza, nami natabasamu. Binti yetu wa miaka 14 hasemi kitu, ila nikifunga vitabu vyake kwenye katoni mchana, asubuhi navikuta vimerudi kwenye rafu. Huko tuendako mume ana kazi, watoto wana shule, mimi sina kazi iliyoandikwa popote. Juu ya hayo, sisemezani na mweka hazina wa kikundi cha akina mama tangu tulipogombana kuhusu daftari la michango, na yeye ndiye alikuwa rafiki yangu wa karibu. Nikilia naambiwa mke hufuata wito wa mumewe. Je, imani yangu imepungua?*

*Mama wa Makatoni*

Marahaba, mwanangu.

Imani ya mtu mimi siwezi kuipima. Ninachokiona kwenye barua yako ni mama ambaye hajaulizwa. Umepangiwa tarehe, umepongezwa, umeletewa makatoni, na katikati ya yote hayo hakuna aliyekaa chini akakwambia, "Na wewe unaonaje?" Nitaanzia hapo, maana mengine yote uliyoyaandika yananing'inia kwenye tangazo lile la kanisani.

Mumeo simwoni kuwa mtu mbaya. Watu wa huduma wana tabia hii: jambo likiwawaka moyoni wanalipeleka madhabahuni kabla halijafika mezani kwao. Akishalitamka mbele ya waumini, mke akiuliza swali anaonekana anampinga Mungu. Fungueni wote wawili Matendo sura ya 16. Paulo na wenzake walitaka kwenda Bithinia wakazuiwa, kisha usiku Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia akimwita. Maono aliyaona yeye peke yake. Lakini walioona kwamba Mungu amewaita, wakaamua kuondoka, ni wote waliokuwa naye. Kama mtume mwenyewe hakuwaburuta wenzake, mwalimu wa chuo cha Biblia naye anaweza kumngoja mkewe siku kadhaa.

Na hao wenye wimbo wa "mke hufuata" ningewaomba wasome habari za Dorothy Carey. Mumewe, William Carey, anasifiwa mpaka leo kwa kazi ya kutafsiri Biblia kule India. Dorothy alikataa kwenda mwanzoni. Alikuwa mjamzito na ana watoto wadogo. Safari ya mumewe ikakwama njiani, akamrudia kumshawishi tena, akakubali akiwa na mtoto mchanga mikononi, tena kwa sharti kwamba dada yake afuatane naye. Wakaondoka mwaka 1793. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter, wa miaka mitano, akafariki. Dorothy akaugua akili, hakupona hadi alipokufa mwaka 1807. Sikuandikii haya kukutisha, wala sisemi kwamba safari ndiyo iliyomwuguza. Magonjwa ya akili yana mambo mengi. Nasema tu kwamba alipewa muda mfupi mno kujibu jambo la maisha yake yote, na wewe una wiki kumi na moja. Zitumie.

Mwombe mumeo jioni moja isiyo na simu wala mgeni. Usianze na lawama ya tangazo, utaifikia. Mwambie hivi: "Baba, sijakataa kwenda. Ila nimeambiwa nifunge mizigo kabla sijaambiwa tunaenda kufanya nini. Naomba unieleze tangu mwanzo, kama vile bado hujaamua." Kisha msikilize mpaka mwisho. Huenda ukasikia mambo ambayo kanisa halikuyasikia: hofu yake, uchovu wake wa mahali hapo, pengine hata aibu ya kitu kilichomshinda. Zamu yako ikifika, sema yote, na hilo la tangazo likiwemo. Mkishindwa kuelewana, tafuteni mtu wa tatu mzima, asiye bosi wake wala mfadhili wenu. Anayelipa nauli hawezi kuwa msuluhishi.

Halafu kuna mstari mmoja kwenye barua yako umeuandika haraka kama vile hauna uzito: "sina kazi iliyoandikwa popote." Mimi nadhani machozi mengi yanatokea hapo. Miaka tisa umelea kikundi cha akina mama, watu wanakujua kwa jina lako. Huko unakwenda kuwa mke wa mwalimu. Hilo ni pigo, na halitibiwi kwa kuambiwa kuwa nyumba nayo ni huduma. Liandikie shirika wewe mwenyewe, kwa jina lako, uulize mambo ya wazi: nitafanya nini, nitawajibika kwa nani, nitajifunza lugha kwa muda gani kabla sijadaiwa kitu, na je, tarehe inaweza kusogezwa binti amalize mwaka wake wa shule? Kuuliza si uasi. Wakikujibu kwamba wanazungumza na mume tu, utakuwa umejua mapema unafanya kazi na watu wa namna gani, na mumeo anapaswa kulijua hilo pia.

Sasa binti. Anayerudisha vitabu kwenye rafu usiku anasema wazi kuliko anayepiga kelele. Ninyi wawili mna kwenu mlikotoka. Yeye kwao ni hapo mnapopahama. Miaka ya 1950 mtafiti wa Marekani, Ruth Useem, aliwachunguza watoto wa namna hii, wanaokulia nje ya nchi za wazazi wao, akawaita watoto wa utamaduni wa tatu: si wa kwa wazazi kabisa, si wa pale wanapoishi kabisa. Usimwambie atapata marafiki wengine. Anajua. Anawalilia hawa alionao.

Kesho acha kufunga vitabu vyake. Mpe katoni tupu na kalamu nene aandike jina lake juu, apakie mwenyewe, iwe ya mwisho kufungwa hapo na ya kwanza kufunguliwa huko. Muulize anataka kuwaaga akina nani na wapi, hata kama ni mti au kona ya uwanja wa shule, na umpeleke. Mumeo naye akae naye peke yao, amwombe radhi kwamba binti alisikia habari za maisha yake mwenyewe pamoja na watu wote kanisani. Hilo usilifanye wewe kwa niaba yake. Wa pili hukumtaja zaidi ya kumhesabu, kwa hiyo mwangalie vizuri. Mtoto asiyesumbua ndiye husahauliwa wakati wa kuhama.

David Pollock, aliyefanya kazi na familia kama yenu miaka mingi, alikuwa akiwafundisha wanaohama waanze kwa kupatana na waliokosana nao, ndipo washukuru, waage, na kuwaza huko mbele. Kupatana aliweka kwanza, nami naafiki, kwa sababu ugomvi usiomalizwa husafiri bila tiketi. Nenda kwa huyo mweka hazina kwa miguu yako, usitume mtu wala ujumbe. Beba daftari. Fungueni ukurasa ule ule mliogombania, mjumlishe upya mstari kwa mstari mbele ya mama mwingine mnayemwamini, mtie sahihi wote watatu. Kosa likiwa lako, liseme hapo hapo. Likiwa lake, usilitamke mara mbili. Asipotaka kukupokea, mkabidhi katibu daftari likiwa safi, na mlango wako uache wazi.

Hilo daftari ni sehemu ya huduma kamili. Karne ya 19 Henry Venn, katibu wa shirika la umisheni la Kianglikana la CMS, alisisitiza kwamba kazi ya mmisionari ni kuacha kanisa linaloweza kujiongoza, kujigharimia na kujieneza lenyewe. Kwa hiyo ukishakabidhi, umekabidhi. Usiwe mwenyekiti wa kwenye simu ukiwa ng'ambo.

Na kulia, lia. Wazee wa Efeso walipoagana na Paulo kule Mileto walilia sana, wakamwangukia shingoni na kumbusu, na hakuna aliyewakemea. Alikuwa amekaa kwao miaka mitatu tu. Wewe umekaa tisa.

Imebaki barua kwa wafadhili na waombezi. Najua mumeo anataka itoke upesi ili michango isikatike. Mwombe isitoke kabla hamjakaa ile jioni, na isiandikwe kwamba familia nzima inafurahi. Aandike aya yake, nawe uandike yako. Ukitaka waombee binti yako, muulize yeye kwanza kama anapenda atajwe.